Mtoto ana siku 20, jioni hashibi kabisa. Mama mkwe kaleta kopo. Hii ni njaa kweli?

#1 Mama_Siku20 (saa 9:20 usiku)
Wakuu habari za usiku. Mtoto wangu wa kwanza, wa kiume, ana siku 20. Alizaliwa na kilo 3.2. Mchana hana neno, ananyonya, analala. Kasheshe inaanza magharibi. Kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 5 usiku hataki kutoka titini. Dakika kumi ananyonya, anaachia, analia. Namhamishia la pili, anaachia, analia. Nikimlaza tu, macho hayo.

Wiki ya kwanza matiti yalikuwa yanajaa mpaka dera linalowa, yanauma kama yamejazwa mawe. Tangu juzi yamekuwa laini kama hayana kitu. Nikajaribu kukamua kwa pampu ya mkono, nikapata kama vijiko vinne vya chai. Nililia.

Mama mkwe yupo hapa tangu nitoke hospitali. Ananikanda, ananipikia, kwa kweli sina la kumsema. Ila siku tatu hizi wimbo ni mmoja: "Mtoto wa kiume huyo, maziwa yako mepesi, ana njaa." Leo kamtuma shemeji dukani. Kopo liko juu ya friji, halijafunguliwa, naliona kila nikienda kunywa maji. Mume anasema tusikilize wakubwa. Mliopitia, hii ni njaa au kuna kingine?

#2 Kidagaa
Nimeweka kambi. Wangu ana wiki mbili na saa hizi ndiyo kwanza kumekucha.

#3 Chausiku_Tanga
Pole mwaya. Nina watatu na wote walinifanyia hivyo hivyo, jioni ni kunyonya mfululizo mpaka unahisi umegeuka bomba la mtaa. Mtoto anajiagizia maziwa ya kesho. Mwili unatengeneza kadiri anavyonyonya, ukimpa kopo jioni, titi linajua halitakiwi, kesho linapunguza.

Na kulainika ni kawaida. Wiki mbili za mwanzo mwili haujui kipimo, unamwaga tu. Ukishamjua mtoto wako unaacha kujaza kama mtungi. Mimi la kwanza nililia kama wewe, la tatu nilishukuru kwamba hatimaye nalala kifudifudi.

Mwambie mama mkwe akupikie uji wa pilipili manga. Akiwa jikoni hatapata muda wa kuangalia kopo.

#4 Mkulima_Marangu
Mnazunguka tu, tatizo ni chakula. Muulizeni anakula nini. Huku kwetu mzazi anapigwa mtori asubuhi, mchana, jioni, na kisusio juu yake, arobaini nzima hashiki jembe wala ndoo. Mke wangu alikuwa anatoa maziwa mpaka mtoto anapaliwa. Mama wa mjini anakunywa chai ya rangi na chapati moja halafu anashangaa.

#5 Mama_Siku20
#4 nakula kaka, nakula mpaka aibu. Jana supu ya kuku, leo uji wa ulezi na karanga, na mtama. Nimenenepa mimi, mtoto ndiye analia.

#6 Mzee_wa_Tandika
Mwanangu, mtoto akilia saa zile zile kila siku, huku anajikunja miguu tumboni, hilo ni chango. Maziwa hayahusiani. Tafuta mama mtu mzima anayejua akuchemshie dawa. Pia mwangalie kooni, kama ana kimeo hawezi kumeza vizuri, ndiyo maana anaachia achia. Kikikatwa ananyonya siku hiyo hiyo.

#7 NesiWaZamu
Mzee wangu #6, shikamoo, lakini hapo kwenye kimeo naomba niingie kati kabla mtu hajachukua wembe.

Kila binadamu ana kimeo, ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Kukikata hakuongezi kunyonya. Nimepokea watoto wa wiki nne wametoka kukatwa mtaani, damu haikati, wengine wamepata maambukizi. Tafadhali sana.

Kilichopo ni kitu kingine ambacho watu wanakichanganya: uzi wa chini ya ulimi kuwa mfupi. Huo kweli unaweza kumzuia mtoto kushika titi vizuri, na mama akachubuka. Unaangaliwa na daktari, na wengi hata hauwasumbui.

Sasa kwako Mama_Siku20. Kilio si kipimo cha njaa, na pampu si kipimo cha maziwa. Mtoto anavuta vizuri kuliko pampu yoyote, tena wewe ulikamua huku umekasirika na mama mkwe yuko mlangoni. Maziwa yanatengenezwa lakini kushuka kwake kunahitaji utulivu. Vipimo vyangu ni viwili. Kwanza, nepi za mkojo: baada ya siku ya 5 nataka 6 au zaidi kwa saa 24, mkojo usiwe wa njano iliyokolea. Pili, mizani. Mtoto hupungua siku za mwanzo, hiyo isikutishe, lakini kufikia wiki mbili au karibu na hapo awe amerudi kwenye uzito wa kuzaliwa, na baada ya hapo apande. Siku ya 7 mlienda? Alikuwa na kilo ngapi?

Akiwa analala mno, hataki kuamka kunyonya, ana homa, au nepi ni kavu, usisubiri jibu la mtu hapa. Nenda.

#8 Mama_Siku20
Dada nesi asante. Siku ya 7 alikuwa 3.0, wakasema sawa. Nepi sikuwahi kuhesabu. Nahesabu kuanzia asubuhi hii.

#9 Baba_Junia
Mimi ni mwanaume naomba nisipigwe. Kwetu tulifungua kopo wiki ya pili, kwa sababu hizi hizi. Tulianza moja usiku "ili mama apumzike". Wiki ya nne zikawa tatu. Miezi miwili mke wangu hana tone. Bajeti ya kopo ilinifanya nianze kwenda kazini kwa miguu. Mtoto mzima wa afya, sisemi kopo ni sumu. Nasema mlango ule ukifunguka kuufunga ni kazi.

#10 Pili_wa_Pili
#9 umesema kweli ila na sisi tulioshindwa tusionekane wavivu. Mimi nilipungukiwa damu vibaya wakati wa kujifungua, nikaongezwa chupa mbili. Maziwa yalikuja siku ya sita na hayakuwahi kutosha. Nilikula uwatu, nilikula pweza, nilimweka mtoto titini mpaka chuchu zikatoa damu. Uzito ulikuwa hauendi. Daktari mwenyewe ndiye aliyesema tuongezee. Huku mtaani wananiuliza "kwani wewe huna matiti?" Kuna wanawake kweli maziwa hayatoshi. Si wengi, lakini tupo.

#11 NesiWaZamu
#10 uko sahihi kabisa, na pole. Kutoka damu nyingi kunaweza kuchelewesha maziwa au kuyapunguza. Ndiyo maana nasema mizani iamue. Wewe mizani ilisema ongeza.

#12 Shoga_wa_Kariakoo
Mbona hakuna anayeuliza swali la maana? 😂 Mama_Siku20, mume amerudi chumbani? Mtoto asije kuwa amebemendwa.

#13 Kidagaa
Siku 20! Shoga wewe muogope Mungu.

#14 Mzee_wa_Tandika
Msicheke. Mababu hawakuwa wajinga. Ukikutana na mama anayenyonyesha, maziwa yanaharibika, mtoto anadhoofu, miguu inakuwa kama vijiti. Nimeshuhudia kwa macho.

#15 Mwalimu_Siha
Mzee umeshuhudia mtoto kudhoofu, hilo silikatai. Lakini kilichomdhoofisha ni nini? Bibi yangu aliniambia tofauti kidogo: mama akishika mimba nyingine mapema, yule wa kwanza anaachishwa ghafla, anapewa uji wa maji maji, anadhoofu. Watu wakaona kitanda, hawakuona uji. Mbegu za mwanaume haziingii kwenye maziwa, hakuna njia hiyo mwilini. Mwiko ulikuwa uzazi wa mpango wa zamani, basi.

#16 Mzee_wa_Tandika
Bibi yako na mimi tungeelewana.

#17 Mama_Mapacha_Moro
Kwa hiyo mkinyonyesha hamshiki mimba, sivyo? Mimi niliambiwa hivyo na leo nina mapacha waliopishana na kaka yao mwaka mmoja na miezi miwili.

#18 NesiWaZamu
Inafanya kazi kwa masharti matatu kwa pamoja: mtoto hajafika miezi 6, hedhi haijarudi, na ananyonya maziwa ya mama tu, usiku na mchana. Moja likianguka, kinga imeanguka. Wewe lipi lilikuponyoka?

#19 Mama_Mapacha_Moro
Uji. Nilianza miezi minne. 🙈

#20 Dada_Nakuru
Mimi ni Mkenya, mnisamehe nikiingilia. Shida kubwa kwangu ilikuwa kurudi kazini baada ya miezi mitatu. Kwetu sheria ya afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyesha au kukamulia maziwa. Chumba kazini kwangu kipo, kina kiti, kina hata pazia. Ufunguo anao mtu wa stoo, na mtu wa stoo huenda lunchi saa ile ile matiti yanajaa. Nilikamulia chooni mwezi mzima.

Na kuhusu #10, hospitali ya Pumwani Nairobi kuna benki ya maziwa ya akina mama tangu 2019. Ni ya watoto njiti na wale ambao mama zao hawawezi, siyo ya kwenda kununua.

#21 Kijana_wa_Sheria
Kwa Tanzania likizo ya uzazi ni siku 90, na ukirudi una saa tatu za kunyonyesha kila siku.

#22 Afisa_Utumishi
#21 rudi darasani mdogo wangu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema siku 84, na siku 100 kama umejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kunyonyesha ni saa mbili kwa siku, isizidi. Baba siku 3. Hizo "90" watu wanajumlisha na wikiendi waliyopewa na bosi mwenye huruma.

#23 Baba_Junia
Siku 3! Moja nilikaa kwenye benchi la wodi, ya pili nikatafuta nepi, ya tatu nikalala.

#24 Binti_Pangani
Turudi kwa mama mtoto. Mie naona hakuna aliyeuliza anavyoshika titi. Wangu alikuwa anaachia achia hivyo hivyo, na chuchu zilipasuka mpaka nikimuona anafungua mdomo nang'ata kanga. Nilidhani maziwa hayatoki. Nesi mmoja wa zamani pale zahanati alinikalisha, akaniwekea mto mgongoni, akasema "acha kumfuata mtoto na titi, mlete mtoto kwenye titi." Akamgusisha chuchu kwenye mdomo wa juu, mtoto akapanua kama ndege, akamvuta pwaa. Kidevu kikazama kwenye titi, ule weusi karibu wote ndani, mdomo wa chini umepinduka kwa nje. Maumivu yakaisha pale pale kama mtu kazima taa. Nilikuwa nampa chuchu tupu wiki tatu nzima! Ukisikia mashavu yanalia "nta nta nta" hajashika. Ukisikia anameza, "kh… kh…", hapo kuna kazi inafanyika.

#25 Mama_Siku20
#24 umenishtua. Wangu anatoa huo mlio wa nta nta wakati mwingine. Na la kushoto linauma akianza.

#26 Chausiku_Tanga
Haya ndiyo maneno. Leo jioni jaribu kulala ubavu, mtoto aangaliane na wewe tumbo kwa tumbo.

#27 Mkulima_Marangu
Na mtori.

#28 Anayepita_Kimya
Natumia jina lingine kwa sababu zangu. Mimi niko kwenye dawa (mnaelewa zipi). Nilipojifungua nilitaka kopo moja kwa moja kwa woga. Kliniki wakanielewesha: meza dawa bila kuruka, mtoto apewe matone yake, na miezi 6 ya mwanzo maziwa ya mama TUPU. Walisisitiza kuchanganya ndiko kubaya, leo titi kesho kopo kesho kutwa uji, kwa sababu tumbo la mtoto linachubuka na kirusi kinapata njia. Bibi wa mtoto hajui hali yangu, kwa hiyo kila siku nilikuwa natunga sababu ya kukataa uji wake. Ilikuwa vita. Mtoto ana miaka mitatu sasa, vipimo vyote hana. Kuna wengine humu wanasoma kimya kama mimi, nawaandikia hao.

#29 NesiWaZamu
#28 ❤️ Nakupongeza. Umeeleza vizuri kuliko mabango yetu.

#30 Hamu_ya_Muscat
Huku Oman wanaita hulba, ndiyo huo uwatu. Mama mkwe wangu Mwarabu alinichemshia mpaka jasho langu likanukia mchuzi. Maziwa yaliongezeka au nilikuwa nimeongeza tu kunyonyesha? Sijui, vyote vilianza wiki moja.

#31 Kidagaa
Swali dogo. Dar hii joto lake mnalijua. Mtoto hapewi hata maji kidogo? Anatoka jasho mpaka shuka linalowa.

#32 Mwalimu_Siha
Hapana, hata kijiko. Zaidi ya asilimia 80 ya maziwa yenyewe ni maji. Akiwa na kiu ananyonya mara nyingi zaidi. Pengine hata jioni za Mama_Siku20 ni kiu ya joto tu, watoto wa Machi hawafanani na wa Julai.

#33 Chausiku_Tanga
Wangu mmoja ni wa Julai, mwingine wa Machi. Walilia sawasawa.

#34 Dada_Nakuru
Na maziwa ya kukamuliwa yanakaa muda gani nje ya friji? Mimi niliambiwa saa nane.

#35 Afisa_Utumishi
Kwangu daktari alisema saa nne tu, na hapo joto lisizidi nyuzi 25. Friji siku nne.

#36 Dada_Nakuru
Nyuzi 25 Nakuru sawa. Dar mtaipata wapi?

#37 Binti_Pangani
Mie nilikuwa naweka kikombe chenye mfuniko ndani ya beseni la maji ya mtungi, saa mbili tatu nimerudi. Na kikombe, si chupa. Kikombe kinaosheka, chupa ina kona.

#38 Shoga_wa_Kariakoo
Jicho je? Hakuna anayetaja jicho. Siku ya kwanza maziwa yanamwagika, amekuja jirani kasema "wee, una maziwa kama ng'ombe wa kisasa", siku ya pili yamelegea.

#39 Mama_Siku20
Shoga… jirani alikuja kweli. 😳 Alisema kitu kama hicho.

#40 Baba_Junia
Basi tayari, kesi imefungwa, wakili wa mtoto ni Shoga.

#41 Mama_Siku20 (siku mbili baadaye)
Wakuu nimerudi. Nepi: juzi 8, jana 7. Leo asubuhi nimeenda kliniki, sikusubiri siku ya 28. Walimning'iniza kwenye ile mizani kama nyama ya buchani, akawa anapiga miguu, mshale hautulii, mama mkwe pembeni anamwambia "tulia mjukuu wangu tuone". 3.5! Nesi akasema kapanda nusu kilo kwa siku kumi na tano, nani kasema ana njaa? Mama mkwe akaangalia dirishani.

Nesi akamtazama anavyoshika, akanirekebisha la kushoto. Halikuniuma.

Ila jioni bado analia, jamani. Jana saa 12 mpaka saa 4. Imepungua saa moja. Mama mkwe anasema ni uji wake wa pilipili manga umeanza kufanya kazi.

#42 Chausiku_Tanga
Mwachie uji wake. Na huko kulia kwa jioni wengi wanaacha wakifika miezi mitatu minne.

#43 Mzee_wa_Tandika
Chango hilo. Nitasema mpaka kesho.

#44 Mkulima_Marangu
3.5 kwa uji tu. Ungekunywa mtori angekuwa 4.

#45 Binti_Pangani
Ni mshiko! La kushoto ndilo lilikuwa halimalizwi.

#46 Pili_wa_Pili
Hongera mdogo wangu. Kopo limeenda wapi?

#47 Mama_Siku20
Liko pale pale juu ya friji. Mama mkwe kaliwekea kitambaa cha kufuma.

#48 Kidagaa
Saa tisa na dakika kumi. Nani yuko macho?

#49 Mama_Siku20
Mimi. La kulia.